Mume wangu yuko kwenye mashine ya kupumulia: tumsafirishe, tumtoboe koo, au tungoje?

SWALI

Assalaam aleykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Mikindani, Mombasa. Mume wangu ana miaka 41, ni dereva wa trela, hupakia bandarini na kwenda mpaka Malaba. Alirudi safari akiwa na homa, mafua na kikohozi kikavu, na siku ya nne akawa anahema hali ameketi tu. Hospitalini walipima wakasema ni homa ya mafua, influenza, imeshuka mapafu yote mawili. Kesho yake wakamwingiza ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, wakamtia mpira kooni na kumfunga kwenye mashine ya kupumulia. Leo ni siku ya 11.

Siku nne za mwanzo walikuwa wakimlaza kifudifudi. Uso ulimvimba hata sikumtambua, na kidonda cha shavuni hakijapona. Sasa analala chali. Nimenukuu kilichoandikwa kwenye kioo cha mashine: FiO2 50, PEEP 8. Muuguzi amesema mwanzo zilikuwa 100 na 14.

Juzi walipompunguzia dawa ya usingizi alifungua macho, akanitazama kama hanijui, akataka kung'oa mipira, wakamfunga mikono. Mavyaa anasema hiyo si nimonia tena, ni majini, na ameleta kombe na mafuta ya habasoda anataka anyweshwe. Shemeji yangu aliye Ujerumani anasema kuna pafu la bandia linalokaa nje ya mwili, laitwa ECMO, na familia imeanza mchango ili asafirishwe kwa ndege. Daktari naye anataka tutie sahihi wamtoboe koo. Nimesikia anayetobolewa koo hatoki.

Nishike lipi? Na akitoka, atarudi kuwa yule yule? Kazini wameshaanza kuuliza.

Mama wa watatu, Mikindani

JIBU

Waleykum salaam, dada. Tuanze na hizo namba ulizonukuu, maana jibu la swali la ndege limo humo humo.

FiO2 ni kiasi cha oksijeni katika hewa anayosukumiwa. Hewa ya kawaida ina asilimia 21. Mumeo alianza na 100, yaani oksijeni tupu, na leo anatosheka na 50. PEEP ni shinikizo linaloachwa mapafuni kila anapomaliza kutoa pumzi, ili vifuko vya hewa vilivyojaa majimaji visijifunge kabisa. Hilo nalo limeteremka kutoka 14 hadi 8. Namba mbili hizi zikishuka pamoja, na oksijeni ya damu isishuke, mapafu yameanza kufunguka.

Iko namba ya tatu ambayo haikai kwenye kioo. Muulize daktari, "PaO2 ya leo ni ngapi?" Hiyo ni oksijeni iliyoingia kwenye damu yake, na hupatikana kwa damu inayotolewa kwenye mshipa wa ateri, kwa kawaida kifundoni mwa mkono. Igawanye kwa FiO2. Tuseme PaO2 ni 88, na FiO2 ya asilimia 50 ni 0.5: 88 kugawanya kwa 0.5 ni 176. Mtu mwenye mapafu mazima hupata zaidi ya 400. Ikiwa chini ya 150 ndipo mgonjwa hulazwa kifudifudi, na chini ya 100 hali ni mbaya sana. Andika jibu kila siku kwenye daftari, kwa tarehe. Siku moja ikishuka usihamanike. Angalia mwelekeo wa siku tatu.

Sasa hilo pafu la bandia. Shemeji yako hasemi uongo, ipo na imeokoa watu. Mrija mmoja wenye kipenyo cha milimita 7 hadi 9 huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa paja na kuvuta damu isiyo na oksijeni. Pampu huisukuma ndani ya chombo chenye maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo tupu katikati: damu hupita nje ya nyuzi, oksijeni hupita ndani yake, na hewa chafu ya kaboni hutoka. Kisha damu hurudishwa kwa mrija wa pili, mara nyingi shingoni. Hupita lita 4 hadi 6 kwa dakika, ambayo ni kama damu yote ya mtu mzima kila dakika. Wakati huo mashine ya kawaida huteremshwa chini kabisa ili mapafu yapumzike.

Haiui virusi wala haiponyi nimonia. Inanunua siku tu, na siku zenyewe ni ghali. Damu ikikutana na plastiki huganda, kwa hiyo mgonjwa hupewa heparini isigande. Heparini ikizidi anavuja damu, na mahali pabaya zaidi pa kuvuja ni ubongoni. Chombo cha nyuzi huziba kikabadilishwa. Mrija hutikisika kitandani damu ikipungua mshipani, na asiyejua hudhani mashine imeharibika kumbe mgonjwa amekosa maji. Inataka muuguzi wake peke yake saa 24.

Na faida yake? Mwaka 2009 nchini Uingereza walilinganisha wagonjwa 180. Waliotumwa kwenye kituo cha ECMO, asilimia 63 walikuwa hai bila ulemavu mkubwa baada ya miezi sita, dhidi ya asilimia 47 waliobaki hospitali zao. Lakini robo ya waliotumwa hawakuunganishwa nayo kabisa, na wengi wao walipona kwa mashine ya kawaida iliyoendeshwa kwa makini. Wachache walifariki kabla ya kufika. Utafiti wa 2018 wa wagonjwa 249 ulipata vifo asilimia 35 kwa ECMO na 46 bila ECMO ndani ya siku 60, tofauti ambayo kitakwimu watafiti hawakuweza kuiapia. Kwa jumla, katika vituo vyenye uzoefu, watu wazima 6 hivi kati ya 10 wanaounganishwa kwa ajili ya mapafu hutoka hai.

Mlango wa kuingia ECMO una masharti. Katika utafiti huo wa 2018, ile hesabu ya kugawanya ilitakiwa iwe chini ya 80 kwa zaidi ya saa 6, au chini ya 50 kwa zaidi ya saa 3, baada ya mbinu nyingine kushindwa. Na kila siku inayopita kwenye mashine yenye shinikizo kubwa hupunguza faida. Ikivuka siku 7 vituo vingi husita. Mumeo yuko siku ya 11 na hesabu inapanda. Kama ilikuwepo siku ya kuuliza habari ya ECMO, ilikuwa ile ya kwanza au ya pili alipokuwa kwenye 100. Leo hana haja nayo.

Ndege nayo si mchezo. Hewa ndani ya ndege hupunguzwa shinikizo hadi kufanana na ya mlimani, karibu mita 2,400 juu ya bahari, na mtu anayehitaji asilimia 50 ufukweni atahitaji zaidi huko juu. Kila anapohamishwa kitanda mpira unaweza kuteleza, na PEEP ikikatika hata kwa sekunde chache vifuko vilivyofunguliwa kwa siku kadhaa hujifunga tena. Ndiyo maana timu za ECMO zenye ujuzi humfuata mgonjwa alipo na kumuunganisha kwanza, ndipo wakasafiri naye. Ushauri wetu: mchango usisimame, ila ubadilishwe jina. Uwe wa gharama za ICU na wa miezi ya nyumbani. Kaonane na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, upate kwa maandishi SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa nini na nini kinawaangukia nyinyi.

Tuje kwenye koo. Uliyoyasikia yamegeuzwa kichwa chini miguu juu. Hutobolewa koo yule anayeonekana ataishi lakini atachelewa kuachana na mashine. Mpira unaopita mdomoni unachokoza, hivyo lazima apewe dawa nyingi za usingizi. Dawa hizo huzidisha kuchanganyikiwa na kulegea kwa misuli. Tundu likiwekwa chini ya kongomeo, mdomo unakuwa huru, dawa zinapunguzwa, anaweza kuketishwa, na baadaye huwekewa kidude cha kumwezesha kuongea. Mpira ukitolewa, tundu huziba lenyewe kwa siku au wiki chache. Uingereza walilinganisha wagonjwa 909, waliotobolewa ndani ya siku 4 na walioachwa hadi siku 10 au zaidi. Idadi ya waliofariki ilikuwa karibu sawa, na wengi wa kundi la pili hawakuhitaji kutobolewa kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi uliza jambo moja: "Ameshajaribiwa kupumua mwenyewe?" Jaribio hilo hufanywa asubuhi. Dawa ya usingizi husimamishwa, mashine huachwa isaidie kidogo tu, na mgonjwa hutazamwa kwa dakika 30 hadi 120. Akipumua zaidi ya mara 35 kwa dakika, oksijeni ikishuka, jasho likimtoka na tumbo likivutwa ndani kila anapovuta pumzi, ameshindwa kwa leo. Hujaribiwa tena kesho. Mwenye FiO2 ya 50 na PEEP 8 yuko ukingoni mwa kujaribiwa. Akishindwa mara mbili tatu, au kikohozi kikiwa dhaifu na makohozi mengi, tia sahihi bila hofu.

Haya ya kutazamwa kama hakujui, na mikono kufungwa. Hiyo huitwa deliriamu: ubongo uliochoka kwa homa, dawa, kukosa usingizi na taa zisizozimwa. Huwapata wengi sana katika wanaowekwa kwenye mashine, katika baadhi ya tafiti hadi 8 kati ya 10. Wengine huona wauguzi wanataka kuwaua, wengine huona wadudu ukutani. Ukiingia, simama anapokuona, taja jina lako na lake, mwambie ni siku gani na yuko wapi, mwambie mpira wa kooni ndio unaomzuia kusema. Kama huvaa miwani, avalishwe. Watoto warekodi sauti kwenye simu, fupi fupi. Omba apunguziwe taa na kelele usiku. Na lile daftari la namba, andika humo pia yanayotokea kila siku, kwa lugha ya kawaida: leo ulifungua macho, leo ulikunjua vidole. Wanaotoka ICU hubaki na ndoto za kutisha zilizochanganyika na kweli, na daftari la namna hiyo limeonyesha kupunguza maradhi ya woga baadaye.

Kwa mavyaa, zungumza naye kwa heshima, nia yake ni njema. Asomewe Kurani na aombewe dua sikioni, hakuna muuguzi atakayekataa, na sauti anayoijua inamtuliza. Lakini kombe, habasoda, asali au zamzam visipite mdomoni. Mpira umeshikilia koo wazi, na kinachotiwa mdomoni huteremka pembeni mwa mpira hadi mapafuni yale yale yanayouguzwa. Mafuta ni mabaya zaidi, kwa kuwa pafu haliwezi kuyakohoa. Hukaa humo na kuleta nimonia ya pili. Chakula chake kinapita kwenye mrija wa puani hadi tumboni, na hakuna wa kugusa mrija huo ila muuguzi. Kujifukiza pia hakuna kazi hapa, wala chetezo karibu na oksijeni.

Uso kuvimba na kidonda cha shavu ni gharama ya kulazwa kifudifudi, na gharama hiyo ililipwa kwa haki. Mwaka 2013 Wafaransa na Wahispania walilaza hivyo wagonjwa 237 kwa angalau saa 16 mfululizo. Baada ya siku 28 walifariki asilimia 16, dhidi ya karibu 33 ya waliolazwa chali. Uvimbe huisha wenyewe. Kidonda kinataka kusafishwa na kisilaliwe. Kitu cha kuangalia ni mabega na mikono: akiamka aulizwe kama vidole viwili vya mwisho vina ganzi, maana neva ya kiwiko hubanwa katika mlalo huo.

Unapomzuru yapo mambo unayoweza kuyatazama bila kumsumbua mtu. Kichwa cha kitanda kiwe kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45, si bapa. Meno yapigwe mswaki kila siku, kwani uchafu wa mdomo ndio unaoshuka mapafuni. Visigino visiguse godoro moja kwa moja. Na uliza ujazo wa kila pumzi. Hupimwa kwa urefu wa mtu, si uzito, maana mwili ukinenepa mapafu hayaongezeki. Mwanamume wa sentimita 168 huhesabiwa uzito wa kilo 64 hata kama mizani inasema 92, na mililita 6 kwa kila kilo ni kama 385. Mwaka 2000 utafiti wa Marekani wa wagonjwa 861 ulionyesha kwamba pumzi ndogo hizo, badala ya mililita 12 kwa kilo, ziliteremsha vifo kutoka karibu asilimia 40 hadi 31. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa, kitufe tu kilizungushwa. Pengine ndiyo sababu watu hawaichangii pesa.

Jamaa watauliza mbona hapewi deksamethasoni kama wagonjwa wa COVID-19. Ni kweli kwamba mwaka 2020 miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine kutoka asilimia 41 hadi 29, lakini hiyo ni COVID. Kwa homa ya mafua dawa za jamii hiyo hazipendekezwi, labda pawe na sababu nyingine. Dawa yake ni oseltamivir, na antibayotiki kama bakteria wameingia baada ya virusi, jambo ambalo hutokea mara nyingi.

Atarudi kuwa yule yule? Wako watu 109 waliotoka ICU huko Toronto baada ya mapafu yao kufeli namna hii, wakafuatiliwa miaka mitano. Walitoka wakiwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu walikuwa wamerudi kazini. Miaka mitano ilipotimia mapafu yao yalikuwa karibu sawa na ya watu wengine, lakini umbali waliotembea kwa dakika sita ulikuwa asilimia 76 tu ya uliotarajiwa kwa umri wao. Kinachochelewa ni misuli na akili. Mapafu hutangulia kupona. Panga nyumba kwa ajili ya miguu yake.

Kabla hajanywa chochote baada ya mpira kutolewa, apimwe kumeza. Koo lililokaa na mpira wiki mbili husahau kazi. Maji na chai huteleza haraka hadi njia ya hewa, hivyo uji mzito ni salama kuliko maji, ajabu kama inavyosikika. Aketi wima, kijiko kimoja kimoja, kidevu kimeinama kidogo, na abaki ameketi nusu saa. Sauti ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, au akikohoa kila akimeza, simamisha urudi kwa daktari. Madafu yana potasiamu nyingi. Kama figo ziliguswa, uliza kwanza.

Akishaweza kumeza, kilo 75 za mwili zinataka gramu 90 hadi 110 za protini kwa siku, kama figo zinaruhusu. Mayai matatu, gramu 200 za changu au tafi aliyepikwa, kikombe cha mbaazi za nazi na vikombe viwili vya maziwa mala vinakaribia 90. Hatamaliza sahani, kwa hiyo mpe kidogo kidogo mara sita. Supu nyepesi ya mifupa inayopelekewa wagonjwa ina maji na chumvi kuliko protini. Nyama yenyewe ndiyo ya kupewa.

Kama mnakaa ghorofani, wiki za kwanza atafutiwe pa kulala chini. Choo cha kuchuchumaa kitamshinda, mapaja hayatamwinua. Kata tundu kwenye kiti imara cha plastiki kiwekwe juu ya choo, na pawe na kitu cha kushika ukutani. Zoezi la kwanza ni kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono: mara 5, mara tatu kwa siku, na akihitaji mto wa kuinua kiti apewe. Kutembea kuanze na dakika 3 hadi 5, mara kadhaa, baada ya alfajiri kabla jua la Mombasa halijakaza. Aweze kusema sentensi nzima akitembea. Asipoweza, apunguze mwendo. Akitoa pumzi aipulize polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai.

Oksimita ya kidole, kifaa cha kupima oksijeni ya damu, nunua. Kidole kiwe na joto, kisitikisike, kucha isiwe na rangi, na usome baada ya dakika moja nzima. Akipumzika tunataka 92 kwenda juu. Akitembea ikifika 88 aketi. Jua pia kwamba kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi huweza kusoma juu kuliko ukweli. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta kosa hilo karibu mara tatu zaidi kwa weusi kuliko weupe. Kwa hiyo 90 au 91 isikutulize.

Akiruhusiwa na oksijeni, mashine ya kuichuja hewani ya lita 5 hula kama wati 350, yaani uniti 8.4 za tokeni ikiwaka mchana na usiku. Umeme wa huku unakatika, kwa hiyo mtungi wa akiba lazima. Gawanya lita za mtungi kwa lita za dakika: mtungi wa lita 6,800 kwa lita 2 hukaa saa 56. Jiko la mkaa, udi, koili ya mbu na sigara vikae mbali naye, tena chumba kingine. Mafuta ya mgando puani pia hapana.

Ramadhani ikiingia yuko bado dhaifu, asifunge. Mgonjwa ana ruhusa, na siku hizo atalipa. Tendo la ndoa, kwa kuwa wengi huona haya kuuliza, linaweza kurudi akishapanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama. Nywele zikipukutika baada ya miezi mitatu hivi, ni homa iliyopita, zitaota. Hasira za ghafla, kusahau, kuogopa kulala: hayo mpeleke akaonwe, yana tiba.

Yako mambo ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo: oksijeni chini ya 90 akiwa ametulia, homa mpya, damu kwenye makohozi, maumivu ya kifua akivuta pumzi, shavu la mguu mmoja kuvimba (damu iliyoganda hupanda mapafuni). Na liko moja linalopotea sana. Wiki au miezi baadaye, akivuta hewa ikasikika kama mluzi kooni, na kuhema kunazidi akifanya kazi, huenda koo la hewa limeanza kubana pale mpira ulipokaa. Wengi hutibiwa pumu na pampu zisizosaidia. Kizuizi hiki husikika zaidi hewa inapoingia, pumu kwa kawaida husikika hewa inapotoka. Mwambie daktari waziwazi kwamba alikaa na mpira wiki mbili, na uombe mtaalamu wa koo amtazame kwa kamera.

Miezi mitatu baada ya kutoka apigwe picha ya kifua, apimwe nguvu ya pumzi na ile ya kutembea dakika sita. Makovu ya mapafu huendelea kupungua hadi mwaka. Chanjo ya homa ya mafua achanjwe kila mwaka, na nyinyi mnaokaa naye pia. Ya bakteria wa nimonia amuulize daktari.

Kazini wapelekeeni barua ya hospitali sasa hivi, msingoje aamke. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kila mwaka, kwa cheti cha daktari. Siku hizo ataziishia kitandani, kwa hiyo yafaa kuzungumza mapema juu ya likizo ya mwaka aliyolimbikiza na kazi nyepesi ya yadi. Trela asiishike mpaka daktari aandike. Mguu usiokaza klachi, kichwa kinachosinzia saa tisa mchana na macho yaliyochoka havifai barabara ya Mombasa hadi Malaba, hata kama anajiona mzima.